Wayahudi na Wakristo: je, tofauti ni Yesu tu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha watoto shule ya Jumapili hapa Malindi, upande wa Muyeye. Karibu na kwetu kuna kanisa ambalo siku hizi linasali Jumamosi. Mchungaji hujitanda shuka lenye vishada na kupuliza pembe ya kondoo, na waumini wake wanasema wameurudia Uyahudi wa Yesu. Watoto wananiuliza: Wayahudi na Wakristo ni dini moja? Kama si moja, tofauti yao ni Yesu tu? Na ikiwa Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, kwa nini Wayahudi hawamwamini? Nilijaribu kuwajibu nikababaika. Nisaidie.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali la pili, kwa kuwa likijibiwa vizuri hayo mengine yanafunguka yenyewe.

Hapana, tofauti si Yesu tu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba Uyahudi ni Agano la Kale lililosimama pale pale, na Ukristo ni Agano la Kale lililoongezewa Jipya. Kwa hiyo Myahudi tunamwona kama mtu aliyesoma nusu ya kitabu akakifunga. Mimi ni Mkristo, na nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, na ninakuambia fikra hiyo si ya kweli. Uyahudi unaofuatwa leo umekua sambamba na Ukristo kwa karibu miaka elfu mbili, una walimu wake, vitabu vyake na majibu yake. Dini zote mbili zimezaliwa na dini ya Israeli ya kale, ile ya Hekalu la Yerusalemu, na zote mbili zilikutwa na msiba mmoja.

Msiba huo ni wa mwaka 70. Jeshi la Warumi chini ya Tito liliingia Yerusalemu likalichoma Hekalu. Fungua kitabu cha Walawi na watoto wako, uwaonyeshe dhambi zilivyokuwa zikisamehewa: kuhani, mnyama, damu, madhabahu. Vyote hivyo vilihitaji mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo pakawa majivu. Sasa mtu aliyetenda dhambi aende wapi?

Jibu la Wakristo unalijua, na limeelezwa kwa kirefu katika Waraka kwa Waebrania: Yesu ndiye kuhani na yeye ndiye sadaka, alijitoa mara moja, na baada ya hapo hakuna damu nyingine inayohitajika. Ondoa msalaba na Ukristo haupo.

Jibu la Wayahudi lilitoka kwa walimu wao, marabi. Mmoja wao aliitwa Yohanan ben Zakkai, aliyeanzisha kituo cha masomo katika mji wa Yavne baada ya Yerusalemu kuanguka. Masimulizi ya Kiyahudi yanaeleza kwamba alikuwa akipita karibu na magofu ya Hekalu pamoja na mwanafunzi wake Yehoshua. Yehoshua akalia, akasema ole wetu, mahali palipofanyiwa upatanisho wa dhambi za Israeli pameangamia. Yohanan akamtuliza: mwanangu, usihuzunike, tunao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, nao ni matendo ya huruma. Akamsomea Hosea 6:6, kwamba Mungu anataka rehema wala si sadaka.

Mstari huo bila shaka umewahi kuwafundisha watoto. Katika Mathayo 9:13 Mafarisayo wanalaumu kwa nini Yesu anakula na watoza ushuru, naye anawaambia waende wakajifunze maana ya maneno haya: "Nataka rehema, wala si sadaka." Anaurudia tena katika sura ya 12. Walimu wawili Wayahudi wa karne moja, mstari mmoja wa nabii mmoja. Katika yote niliyosoma juu ya dini hizi mbili, sijaona jambo linaloonyesha udugu wao kuliko hili.

Basi kwa Myahudi, sala za kila siku zikachukua nafasi ya sadaka za Hekaluni. Kusoma na kuishika Torati kukawa ndiyo ibada kuu. Mafundisho yaliyokuwa yakipokelewa kwa mdomo yakaandikwa mnamo mwaka 200 katika Mishna, na mijadala juu ya Mishna ikakusanywa baadaye katika Talmudi. Ukitaka kumwelewa Myahudi mcha Mungu, usisome Agano la Kale peke yake, maana yeye halisomi peke yake. Hulisoma akiwa na walimu hao pembeni. Hapa Malindi tuna bahati ya kulielewa jambo hili upesi. Jirani yako Mwislamu akiwa na shaka juu ya udhu, mirathi au chakula, humwendea shehe anayejua fikihi. Maisha ya Kiyahudi yanakwenda hivyo hivyo: dini ni njia ya kuishi inayogusa jiko, kitanda, biashara na kalenda, na rabi ni mwalimu wa sheria hiyo. Si kuhani, na si lazima awepo ili watu wasali. Desturi ya kale hutaka wanaume kumi waliobaleghe, na siku hizi baadhi ya sinagogi huhesabu na wanawake.

Wakristo tumezoea kuiita sheria hiyo mzigo. Tumeisoma kwa macho ya Paulo alipokuwa akiwatetea watu wa mataifa wasilazimishwe tohara, tukasahau kwamba Zaburi ya 119, iliyo ndefu kuliko zote, ni wimbo wa mtu anayeipenda sheria ya Mungu. Kila mwaka Wayahudi wakimaliza kuisoma Torati huzibeba hati zake wakacheza nazo ndani ya sinagogi, kisha wakaanza tena kutoka Mwanzo 1. Mtu hachezi na mzigo.

Twende kwenye dhambi, kwa sababu hapa ndipo njia zinapoachana hasa. Ukristo wa Magharibi, ukimfuata Agostino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, umefundisha kwamba dhambi ya Adamu imetuharibu sote tangu kuzaliwa na hatuwezi kujikomboa. Uyahudi una habari ile ile ya Adamu na Hawa lakini hauna fundisho hilo. Unafundisha kwamba mwanadamu ana mwelekeo wa wema na mwelekeo wa uovu, na kwamba anaweza kugeuka na kurudi kwa Mungu siku yoyote. Katika Siku ya Upatanisho, Wayahudi hufunga tangu jua linapotua mpaka usiku wa siku ya pili, bila chakula wala maji. Na Mishna inaonya: siku hiyo inafuta dhambi kati ya mtu na Mungu, ila dhambi kati ya mtu na mwenzake haifutwi mpaka amridhishe huyo mwenzake kwanza. Yesu katika Mathayo 5 anasema jambo la jamaa hiyo hiyo: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda ukapatane na ndugu yako.

Ukilishika hilo, nusu ya swali la tatu imejibiwa. Tunapomwuliza Myahudi, "Mwokozi wako ni nani?", tunamwuliza swali lililozaliwa ndani ya Ukristo. Yeye anaamini Mungu huokoa na kusamehe, lakini haoni kwamba kati yake na Mungu kuna shimo lisilovukika bila mtu wa tatu.

Nusu ya pili inahusu Masihi. Kwanza waambie watoto kwamba Wayahudi wengine walimwamini Yesu. Mariamu, Petro, Yohana, Paulo, na kanisa lote la kwanza la Yerusalemu walikuwa Wayahudi. Mjadala wa Matendo 15 haukuwa kama Myahudi anaweza kuwa Mkristo. Ulikuwa kama asiye Myahudi anaweza kuwa Mkristo bila kutahiriwa. Kanisa lilipojibu kwamba anaweza, watu wa mataifa wakaingia kwa wingi, na baada ya vizazi vichache Wakristo wenye asili ya Kiyahudi wakawa wachache mno.

Wale ambao hawakuamini walikuwa na sababu, na ni haki tuzieleze kama wao wenyewe wanavyozieleza. Masihi wanayemngoja ni mwanadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi, atakayewakusanya Israeli, kulijenga tena Hekalu na kuleta amani duniani, kama Isaya 2 inavyosema watu watafua panga zao ziwe majembe. Myahudi anatazama nje ya dirisha anaona panga bado ni panga. Kipimo hicho hawakukitumia kwa Yesu peke yake. Mwaka 132 kiongozi aitwaye Bar Kokhba aliongoza uasi dhidi ya Roma, na inasimuliwa kuwa Rabi Akiva, mmoja wa walimu wao wakubwa kabisa, alimtaja kuwa ndiye Masihi. Mwaka 135 uasi ukavunjwa, Bar Kokhba akauawa, wakasema basi, hakuwa yeye. Mkristo anajibu kwamba Yesu alifufuka, na kwamba yaliyosalia atayatimiza atakaporudi. Huko kuja mara mbili ndiko Myahudi asikokuona katika maandiko yake.

Hata mistari ile ile inasomwa kwa macho tofauti. Mtumishi anayeteswa katika Isaya 53 kwetu ni Yesu. Rashi, mfasiri mkuu wa Biblia katika Uyahudi, aliyeishi Ufaransa akafariki mwaka 1105, alimwelewa mtumishi huyo kuwa ni taifa la Israeli linaloteswa kati ya mataifa. Mfundishe mtoto kwamba mtu anaweza kusoma kwa uaminifu na bado akafika mahali tofauti na yeye.

Zito kuliko yote ni Mungu kufanyika mtu. Kila asubuhi na jioni Myahudi hutamka Kumbukumbu 6:4, "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, katika Marko 12, alianza na maneno hayo hayo. Sisi tunasema tunaamini Mungu mmoja katika nafsi tatu, na Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 ulikiri kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Kwa Myahudi, kusema Mungu amevaa mwili ni kuugusa ule umoja wenyewe. Katika jambo hili Wayahudi wako karibu zaidi na majirani zetu Waislamu kuliko na sisi. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12 akiandika kwa Kiarabu na Kiebrania, aliukataa Utatu waziwazi. Lakini mtu huyo huyo aliandika kwamba Ukristo na Uislamu vimesaidia kumtengenezea Masihi njia, kwa kulifikisha neno la Torati mpaka visiwa vya mbali.

Biblia tunazosoma nazo hazilingani. Vitabu vya Agano la Kale la Waprotestanti ndivyo vya Biblia ya Kiebrania, ila sisi tunahesabu 39 na wao 24, kwa kuwa wanaviunganisha vingine. Wakatoliki wana 46, wakiwa na Tobiti, Yudithi, Makabayo na vinginevyo. Mpangilio nao unasema jambo. Agano la Kale letu linaishia kwa Malaki anayetabiri kuja kwa Eliya, na ukifungua ukurasa unakutana na Mathayo na Yohana Mbatizaji. Biblia ya Kiyahudi inaishia na Mambo ya Nyakati, ambamo mfalme Koreshi anawaruhusu watu wapande kwenda Yerusalemu. Kimoja kinamngoja mtu, kingine kinaelekea nyumbani. Tena kuna hili la ajabu: sikukuu ya Hanuka huadhimishwa na Wayahudi kila mwaka, lakini vitabu vya Makabayo vinavyosimulia chanzo chake havimo katika Biblia yao. Vimo katika ya Wakatoliki.

Kuhusu sikukuu nitapita haraka. Pasaka yao ni ya kutoka Misri, yetu ni ya kufufuka kwa Yesu, ingawa yeye aliila ile ya kwao. Pentekoste yetu imetoka katika Sikukuu ya Majuma. Miezi yao hufuata mwandamo, kama ya Waislamu, ila wao huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19, ndiyo maana Pasaka haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.

Chakula ndicho kitakachowafurahisha watoto wa Malindi. Walawi 11 inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Kwa hiyo changu ni sawa, lakini kamba, kaa, pweza na ngisi ni marufuku kwa Myahudi anayeishika sheria, na papa pia, kwani ngozi yake haina magamba ya aina inayotakiwa. Nyama haipikwi wala kuliwa pamoja na maziwa, kwa sababu Torati inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Watakuuliza juu ya kuku wa nazi. Tui si maziwa ya mnyama, basi kuku wa nazi anaruhusiwa, mradi amechinjwa kwa utaratibu wao. Sisi Wakristo tunasoma maono ya Petro katika Matendo 10 na tunakula vyote.

Jambo lingine linalosahaulika: Ukristo ni imani unayoingia kwa kuamini na kubatizwa. Uyahudi ni dini na pia ni watu. Kwa sheria yao ya kale, aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi hata kama hasali kamwe. Ndiyo maana hawatumi wamisionari, na ndiyo maana wako takriban milioni 15 tu dunia nzima ilhali Wakristo ni zaidi ya bilioni 2. Marabi hufundisha kwamba asiye Myahudi hahitaji kuwa Myahudi ili ampendeze Mungu. Inamtosha kushika amri saba za Nuhu, kama vile kutoabudu sanamu, kutoua, kutoiba na kutozini.

Kabla sijafika kwenye pembe, kuna jambo moja nakuomba ulishughulikie darasani bila kukwepa. Usiwaache watoto waseme Wayahudi walimuua Yesu. Aliyetoa hukumu alikuwa Pontio Pilato, na msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi. Viongozi wachache wa Yerusalemu walimshtaki, na taifa zima likabebeshwa lawama kwa karne nyingi. Historia ya mji wetu imegusana na uchungu huo. Wapeleke kwenye ile nguzo yenye msalaba wa jiwe inayoitwa ya Vasco da Gama. Meli zake zilipofika hapa Aprili 1498 zilikuwa zimesafiri kwa msaada wa jedwali za nyota za Abraham Zacuto, Myahudi aliyefukuzwa Hispania mwaka 1492 akahamia Ureno. Mwaka 1497, mwaka ule ule meli hizo zilipong'oa nanga Lisbon, mfalme Manuel aliwabatiza Wayahudi wa Ureno kwa nguvu na kuwanyang'anya wazazi watoto wao. Zacuto akakimbilia Tunis. Elimu yake ikafika Malindi, mwenyewe akiwa mkimbizi kwa ajili ya dini yake. Chuki hiyo iliendelea Ulaya mpaka karne ya 20, Wayahudi milioni sita walipouawa na utawala wa Hitler. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitamka kwamba mateso ya Yesu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Makanisa mengi ya Kiprotestanti nayo yamesema hivyo. Wewe nawe liseme.

Sasa majirani zako. Kupenda mizizi ya imani ni jambo jema, na hawakukosea kwamba Yesu alivaa vishada. Hesabu 15 iliviamuru, na huenda pindo la vazi alilogusa yule mwanamke wa Mathayo 9 lilikuwa navyo. Aliingia sinagogi siku ya Sabato kama desturi yake, Luka 4 inasema. Lakini wanayoyafanya sivyo Wayahudi wanavyoyafanya. Pembe ya kondoo hupulizwa Mwaka Mpya wa Kiyahudi, asubuhi za mwezi unaoutangulia, na mwisho wa Siku ya Upatanisho. Na Mwaka Mpya ukiangukia Sabato, sinagogi nyingi hazipulizi kabisa, kwa kuilinda Sabato yenyewe. Sabato hiyo huanza Ijumaa jua linapotua, na ina aina 39 za kazi zilizokatazwa, hata kuwasha moto. Wanaoishika kikamilifu hawaendeshi gari wala kuwasha taa ya umeme mpaka Jumamosi usiku. Tena si Paulo wala marabi wanaowadai mambo hayo. Paulo katika Wagalatia anawazuia watu wa mataifa wasijitwike sheria, na marabi wanasema haikuwekwa kwa ajili yao.

Mtu akitaka kweli kuwa Myahudi, njia ipo. Husoma kwa muda mrefu, hukaa mbele ya baraza la watu watatu, mwanaume hutahiriwa, kisha huzamishwa majini. Mfano uko karibu. Mwaka 1919 huko Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, kiongozi aliyekuwa Mkristo, aliisoma Biblia akaamua kujitahiri yeye na wanawe. Mwanzoni wafuasi wake walichanganya mambo ya Kikristo na ya Kiyahudi, kama majirani zako leo. Baadaye waliyaacha ya Kikristo, pamoja na Agano Jipya, na mwaka 2002 mamia yao waliingizwa rasmi katika Uyahudi mbele ya marabi. Wanaitwa Abayudaya na wapo hadi leo. Kanisa la jirani yako bado linabatiza kwa jina la Yesu na kumwita Bwana. Waambie watoto ni Wakristo wanaosali Jumamosi.